Si Kila Mzazi Anayeanguka Ana Kifafa cha Mimba

Bonge la damu likiziba vena za ubongo, yaani mishipa inayoitoa damu kichwani na kuirudisha moyoni, takribani wagonjwa wanne kati ya kumi hupata degedege. Katika kiharusi kilichozoeleka, kile cha ateri iliyoziba, wanaopata degedege siku za mwanzo hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa maneno mengi: wodini, nyumbani kwa mgonjwa, kwa mganga, na wakati mwingine, tusifichane, hata mezani kwa daktari. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayang'oki. Nitayajibu yale yanayosikika zaidi, wala sitayapa nafasi sawa, maana madhara yake si sawa.

La kwanza, na kwangu ndilo la hatari kuliko yote: mwanamke akijifungua, kisha akaanguka na kutukutika, hicho ni kifafa cha mimba na hakuna la kujadili.

La kujadili lipo. Ni kweli kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama baada ya mtoto kuzaliwa, hata wiki kadhaa baadaye, na mkunga anayekimbilia magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa hicho, mara amwonapo mzazi anatukutika anafanya kazi yake sawasawa. Simlaumu hata kidogo. Ninachobishana nacho ni kinachofuata: jina likishaandikwa kwenye faili, hakuna anayelirudia. Kifafa cha mimba kwa kawaida huja na wenzake, presha iliyopanda na protini kwenye mkojo, na wanaokipata baada ya kujifungua wengi hukipata ndani ya siku mbili za mwanzo. Sasa mchukue mwanamke aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Presha yake ni ya kawaida tangu kliniki, mkojo hauna tatizo, lakini kichwa kimemuuma siku nne mfululizo na kila kukicha kinazidi. Halafu mkono mmoja unaanza kuchezacheza wenyewe, kisha mwili mzima unafuata. Akizinduka, mkono ule hauna nguvu. Huyo anahitaji vena za ubongo wake zipigwe picha siku hiyo hiyo, hata kama magnesiamu imeshaanza kuingia mwilini.

Sababu ya yeye kuwa hatarini haina fumbo. Mwili wa mjamzito hujiandaa kwa kutokwa damu wakati wa kuzaa: vitu vinavyoigandisha damu hupanda, na baadhi ya vile vinavyozuia isigande hushuka. Maandalizi hayo hayaishi siku mtoto anapolia. Huendelea kwa wiki kadhaa, na yakikutana na upasuaji, homa ya uzazi, kulala kitandani muda mrefu au upungufu wa maji mwilini, bonge hupata pa kujishikiza. Hospitali huhesabu wiki sita. Wazee wetu walimweka mzazi ndani siku arobaini. Hesabu hizo mbili zinapishana kwa siku mbili tu, na mabonge mengi ya vena za ubongo yanayohusiana na uzazi huja ndani ya muda huo, si wakati wa ujauzito.

Wala si habari mpya. Mwaka 1828 daktari John Abercrombie wa Edinburgh alieleza kisa cha mwanamke wa miaka 24 aliyejifungua salama mtoto wake wa pili, na wiki mbili baadaye akafa kwa degedege lisilokoma. Alipopasuliwa, vena za ubongo zilikuwa zimeziba kwa damu iliyoganda. Karibu miaka 200 imepita, na bado kuna wanaosema kwamba mzazi anayeanguka ana ugonjwa mmoja tu.

Dai hili lina mdogo wake: kwamba kichwa kinachomuuma mama aliyepasuliwa ni cha ile sindano ya mgongo, kitapita. Mara nyingi kweli hupita. Lakini kichwa cha sindano kina tabia yake: kinauma mtu akikaa au kusimama, kinatulia akilala. Cha bonge mara nyingi huenda kinyume, kinazidi mtu akilala, akikohoa au akijikamua chooni. Kichwa kilichoanza kwa tabia ya kwanza kikahamia ya pili, au kikaacha kabisa kujali mkao, si cha kusubiriwa, hasa kwa kuwa kutobolewa utando wa uti wa mgongo kwenyewe ni moja ya mambo yanayoweza kutangulia bonge hilo.

"Kiharusi ni cha wazee wenye presha na sukari. Kijana akianguka, tafuta sababu nyingine." Hili lina ukweli kwa kiharusi cha ateri. Kwa cha vena ni kinyume. Mwaka 2004 José Ferro wa Lisbon na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 624 kutoka nchi 21. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 37 au chini yake, robo tatu walikuwa wanawake, karibu tisa kati ya kumi waliumwa kichwa, na asilimia 39 walikuwa wameshapata degedege kabla ugonjwa wao haujajulikana jina. 

Kwa nini vena iangushe watu kuliko ateri? Fikiria mtaro wa uani ulioziba: maji hayasimami hapo mtaroni, yanarudi ndani ya nyumba. Ateri zinaendelea kuingiza damu kichwani, lakini haina pa kutokea. Shinikizo linapanda, maji ya damu yanavuja na kuvimbisha nyama ya ubongo, na vena ndogo zikizidiwa hupasuka. Haya hutokea zaidi kwenye gamba la nje la ubongo, na gamba hilo ndilo lenye seli ambazo zikichokozwa huanza kurusha umeme ovyo. Mfereji mkuu wa damu hupita juu katikati ya kichwa, kutoka paji la uso hadi kisogoni, na vena zinazomwaga ndani yake hutoka kwenye sehemu zinazoamuru miguu na mikono. Ndiyo maana degedege la ugonjwa huu mara nyingi huanzia kwenye kiungo kimoja. Na kwa kuwa mfereji uko katikati, huweza kuanzia kulia leo na kushoto kesho. Ndugu akisimulia habari ya degedege kuhama upande, daktari aache kuandika kwanza, amsikilize.

Maelezo hayo hayo yanajibu dai la tatu, lile la kukata tamaa: akishaanguka, ubongo umekufa. Ateri ikiziba, nyama ya ubongo hukosa damu na huanza kufa katika dakika chache. Vena ikiziba, tatizo la mwanzo ni damu kukosa njia ya kutoka, na sehemu kubwa ya uvimbe huo inaweza kunywea njia ikipatikana. Seli inayorusha umeme ovyo bado iko hai. Katika wale 624, karibu wanane kati ya kumi walipona kabisa au wakabaki na dalili ndogo zisizowazuia kuishi maisha yao. Waliofariki walikuwa kama asilimia nane. Mambo yaliyoonyesha nani yuko hatarini zaidi yalikuwa kupoteza fahamu, damu kuvuja ndani ya ubongo, bonge kuingia vena za ndani kabisa, maambukizi ya ubongo, saratani, kuwa mwanamume, na umri mkubwa. Degedege lenyewe halikuwamo katika orodha hiyo. Sisemi ni la kupuuzwa. Likipita dakika tano bila kukoma ni dharura, na huua. Ila udhaifu wa mkono baada ya kuanguka si lazima uwe kupooza kwa kudumu, maana baada ya degedege kiungo huweza kulegea saa kadhaa, hata siku nzima, kisha kikarudi.

Nifike kwenye picha. "Amepigwa CT, imetoka safi, kwa hiyo si ugonjwa wa hospitali." Sentensi hii imewapeleka wengi kwa waganga wa majini, na siwashangai ndugu wanaoitamka, kwa sababu wametoa fedha, wamesubiri foleni, na wameambiwa hakuna kitu. Kosa liko katika kilichoulizwa. CT ya kawaida, isiyo na dawa ya kung'arisha mishipa, inaweza kuonekana safi kwa takribani theluthi moja ya wenye ugonjwa huu. Picha hiyo hupigwa hasa kutafuta damu iliyovuja na sehemu iliyokufa. Anayetaka kuona vena lazima aagize picha ya vena: CT yenye dawa, iliyopangwa wakati dawa inapopita upande wa vena, au MRI ya vena. Mashine ya CT siku hizi ipo katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania, kwa hiyo mara nyingi mashine si kikwazo. Kikwazo ni fomu ya maombi iliyoandikwa "CT ya kichwa" na kuishia hapo. Ndugu wa mgonjwa anayo haki ya kuuliza: vena zimeangaliwa? Anayesoma dua aendelee kusoma, haizuii kipimo.

Sasa nije kwenye ubishi ambao mimi ningeubisha vilevile kama nisingesoma chochote: "Damu imeshavuja kichwani, halafu mnampa dawa ya kuzuia damu isigande? Mnammaliza."

Akili ya kawaida iko upande wa anayesema hivyo. Lakini turudi kwenye chanzo cha damu ile. Imevuja kwa sababu njia ya kutokea imeziba. Bonge likiendelea kukua, shinikizo linapanda na kuvuja kunaongezeka. Dawa hiyo, heparini, hailiyeyushi bonge, kama wengi wanavyodhani. Inalizuia lisikue, ili mwili wenyewe ufungue njia polepole. Mwaka 1991 Karl Einhäupl na wenzake nchini Ujerumani walichapisha jaribio walilolikatisha mapema. Wagonjwa walikuwa 20 tu: kumi walipewa heparini, kumi dawa bandia. Baada ya miezi mitatu, waliopewa heparini wanane walikuwa wamepona kabisa, wawili walibaki na kasoro ndogo, hakuna aliyekufa. Kwa waliopewa dawa bandia, mmoja alipona kabisa na watatu walikufa. Watafiti hao wakafungua pia mafaili ya zamani ya wagonjwa ambao damu ilikuwa imeshavuja ndani ya ubongo. Katika 27 waliopewa heparini baada ya kuvuja huko, wanne walikufa. Katika 13 ambao hawakupewa, tisa walikufa.

Hesabu ni ndogo, na ile ya mafaili haina nguvu ya jaribio, kwa sababu huenda walionyimwa walikuwa hoi zaidi tangu mwanzo. Nakubali. Hata hivyo, mwelekeo haujageuka katika miaka zaidi ya 30 iliyofuata, na miongozo ya Ulaya na Marekani inasema wazi kwamba damu iliyovuja kutokana na bonge la vena si sababu ya kumnyima mgonjwa heparini. Anayeogopa dawa hiyo aogope pia kutoitoa.

Kwenye dawa za kuzuia degedege kuna kambi mbili, na zote mbili zimekosea kwa kiasi fulani. Ya kwanza inasema kila mwenye bonge apewe, aliyeanguka na asiyeanguka. Ya pili inasema kuanguka mara moja si kitu, tusimjaze mtu vidonge. Takwimu za Ferro, alizozichambua upya mwaka 2008, zinawajibu wote. Aliwatazama wagonjwa waliofika wakiwa wameshaanguka na picha zikionyesha jeraha katika sehemu ya juu ya ubongo. Kati ya 148 waliopewa dawa, mmoja tu alianguka tena katika wiki mbili za mwanzo. Kati ya 47 ambao hawakupewa, 25 walianguka tena. Tofauti kama hiyo haihitaji mtaalamu wa takwimu kuiona, ingawa hili nalo halikuwa jaribio la kupangiwa dawa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo aliyeanguka, mwenye jeraha kwenye picha, apewe dawa mapema. Kwa ambaye hajaanguka kabisa, ushahidi wa kumpa kinga hautoshi, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 haukutoa pendekezo hilo.

Kisha linakuja swali linalowakosesha usingizi wagonjwa wenyewe: ndiyo nimekuwa mtu wa kifafa, nitameza vidonge hadi kufa? Jibu ni hapana kwa walio wengi. Degedege la siku za mwanzo, ubongo ukiwa umevimba, si kitu kimoja na degedege linalokuja miezi baadaye bila kuchokozwa na chochote kipya. La kwanza ni dalili ya ajali iliyopo. La pili ni kovu lililobaki likianza kusema. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 1,127, waliopata degedege la baadaye walikuwa asilimia 11, na kwa kawaida la kwanza lilikuja ndani ya miezi michache. Lakini kwa saba kati ya kumi ya hao lilirudi tena. Hao ndio wanaostahili kuitwa wenye kifafa na kutibiwa kwa muda mrefu. Wengine, waliotukutika mwanzoni tu, kwa kawaida hupunguziwa dawa baada ya miezi kadhaa, daktari akizingatia kama walivuja damu ndani ya ubongo, kama walipasuliwa fuvu kupunguza shinikizo, na kama degedege lao la mwanzo lilikuwa lile lisilokoma. Kupunguziwa, nasema, si kuacha kwa kuamka asubuhi moja na kutupa chupa. Dawa hizi zikikatwa ghafla, zenyewe huleta degedege.

Dai jingine halisemwi kwa mdomo, linaonekana kwenye mfuko wa dawa: kwamba dawa ni dawa, zote zinaweza kumezwa pamoja. Mgonjwa wa namna hii hutoka hospitali na aina mbili kwa uchache, ya kuzuia damu kuganda na ya kuzuia degedege, na mara nyingi zinatoka kliniki mbili zisizozungumza. Fenobabitoni na kabamazepini, dawa za degedege ambazo hupatikana kwa urahisi kwetu na kwa bei nafuu, huamsha ini lifanye kazi kwa kasi na kuivunja wafarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, kabla haijatimiza wajibu wake. Fenitoini ni msumbufu zaidi, huweza kuipandisha wafarini mwanzoni kisha ikaishusha. Mgonjwa anadhani amelindwa, kumbe damu yake inaganda kama zamani. Au daktari anaongeza wafarini kufidia, dawa ya degedege inasimamishwa miezi baadaye kwenye kliniki nyingine, na damu inabaki nyepesi kupita kiasi. Kuhamia dabigatrani au rivaroksabani hakuondoi tatizo, maana nazo hushushwa na dawa hizo hizo. Levetirasetamu, nayo dawa ya degedege, haina ugomvi mkubwa wa aina hii, na pale inapopatikana mimi naona ndiyo ya kuulizia kwanza. Isipopatikana, basi kipimo cha INR, kinachoonyesha wafarini inavyofanya kazi kwenye damu, kifanywe kila dawa ya degedege inapoanzishwa, kubadilishwa au kuachwa.

Kuhusu dai kwamba povu la anayetukutika linaambukiza nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo hili lilipaswa kuwa limeshakwisha. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa. Degedege haliambukizi, liwe la bonge au la kifafa cha miaka mingi. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza habari za wagonjwa wenye makovu ya moto, watu walioanguka mekoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Mguse. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni, tazama saa. Kijiko kisiingie mdomoni, wala kidole chako.

"Ni uzazi wa mpango huo." Nusu ya kweli. Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya bonge mara kadhaa, na katika wale wagonjwa wa Ferro zaidi ya nusu ya wanawake walio chini ya miaka 50 walikuwa wakivitumia. Lakini ugonjwa wenyewe ni adimu. Katika nchi ulikohesabiwa vizuri, kama Uholanzi, humpata mtu mmoja au wawili kati ya 100,000 kwa mwaka. Kuutangaza ili wanawake waache uzazi wa mpango ni kuwasukuma kwenye mimba, ambayo yenyewe huongeza hatari hiyo hiyo. Aliyewahi kupata bonge aache vidonge vya estrojeni moja kwa moja. Kitanzi cha shaba hakina homoni. Vijiti havina estrojeni, ila anayemeza kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni ajue kwamba huvipunguzia nguvu.

Chanjo ya korona nayo hutajwa. Mwaka 2021 chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson kweli zilisababisha mabonge ya aina hii kwa watu wachache, pamoja na kushuka kwa chembe sahani za damu; Marekani ilisimamisha ya pili kwa muda mwezi Aprili baada ya visa sita katika dozi zaidi ya milioni 6.8. Visa hivyo vilitokea ndani ya wiki chache baada ya kuchanjwa. Anayeanguka leo kwa sababu ya sindano ya mwaka 2021 hayupo.

La mwisho huambiwa mwanamke akiwa bado kitandani, na mara nyingi na mama mkwe: aache kumnyonyesha mtoto, na asizae tena. Kunyonyesha kunaruhusiwa akiwa kwenye heparini au wafarini. Dawa mpya za vidonge kama dabigatrani ndizo zisizotumika wakati huo. Na kuzaa tena kunawezekana. Bonge la vena za ubongo kurudi katika mimba inayofuata hutokea kwa takribani mimba moja kati ya mia, na mara nyingi mama hupewa sindano za heparini ya molekuli ndogo kama kinga, dawa isiyovuka kondo la nyuma. Jambo la kupangwa ni miadi ya kabla ya mimba, si ya baada ya kukosa siku zake. Wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni katika wiki za mwanzo, kwa hiyo ibadilishwe. Valproeti, kama ndiyo anayomeza kuzuia degedege, ibadilishwe mapema zaidi, kwa maana huharibu uti wa mgongo na akili ya mtoto kuliko dawa nyingine za kundi lake. Asidi ya foliki ianze kabla hajashika mimba, na jina la ugonjwa wake liandikwe kwa maneno kamili kwenye kadi ya kliniki: bonge la damu kwenye vena za ubongo, si "historia ya kifafa cha mimba".